Shajara ya mradi: msimu wa kwanza wa mpira wa watoto, uwanja wa mchangani Mbagala, Dar es Salaam

Wiki ya 1: daftari kabla ya mpira

Watoto 64 wameandikishwa: wavulana 45, wasichana 19, umri wa miaka 9 hadi 15. Kila mmoja ana ukurasa wake kwenye kaunta buku, si mstari mmoja kwenye karatasi ya mahudhurio. Ukurasa unabeba jina kamili kama lilivyo shuleni, tarehe ya kuzaliwa na ilikotoka (cheti, kadi ya kliniki au kauli ya mzazi), shule na darasa, siku za madrasa au mafundisho ya kanisani, namba mbili za simu za nyumbani, jina la anayeruhusiwa kumchukua, na ugonjwa wowote unaojulikana. Kwenye ugonjwa tunauliza kwa majina: pumu, kifafa, selimundu, moyo. Ukiuliza tu "mtoto ana tatizo la kiafya?" unajibiwa "hana", kisha siku moja mtoto mwenye selimundu anaanguka kwa maumivu kwa sababu alikimbizwa juani bila maji.

Swali la mwisho ni hili: unataka mpira ukufikishe wapi? Majibu mengi yana jina moja, Samatta, na kwa watoto wa Mbagala hilo halishangazi, maana ni mtoto wa huku huku. Hatumwambii mtoto apunguze ndoto. Tunamwonyesha miaka. Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992, akapita African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akatua Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na miaka 23, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa Aston Villa. Mtoto wa miaka 13 akiisoma safari hiyo anaona ana miaka mitano ya kujenga mwili, akili na shule kabla ya kuvuka mpaka wowote. Mzazi anaona jambo jingine: mtu anayesema "mtoto lazima aondoke mwaka huu" ana haraka zake mwenyewe.

Ndoto ndiyo inayomtoa mtoto kitandani Jumamosi alfajiri, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfanya mama yake auze cherehani amlipe tapeli. Kwa hiyo kwenye jalada la daftari tumeandika kazi yetu: kuilinda ndoto.

Wiki ya 2 na 3: uwanja na magoli

Eneo ni mchanga mtupu, mita 62 kwa 41, vumbi la barabara upande mmoja, mtaro upande wa pili. Kibali cha mwenyekiti wa serikali ya mtaa kimeandikwa na kupigwa muhuri, kikitaja siku na saa. Ruhusa ya mdomo hudumu mpaka siku ya turubai la harusi au mechi ya maveterani. Maveterani wenyewe tumekaa nao: watoto wanatoka saa 11:45 jioni, wao wanaingia. Wamekubali, na wawili kati yao sasa wanasaidia kuhesabu watoto wakati wa kuondoka.

Kusafisha. Fundi redio wa mtaani ana spika mbovu za kutosha. Sumaku nne kubwa zimefungwa chini ya ubao wa mita 1, ubao unaburutwa kwa kamba, kila safari ikipita kidogo juu ya alama ya safari iliyotangulia, kama mtu anayepiga deki. Siku ya kwanza zilitoka misumari, vifuniko vya soda na nyembe. Vioo havishikwi na sumaku. Hivyo vinatolewa kwa reki na watu wazima wenye glovu. Mtoto haokoti kioo, hata akijitolea. Zoezi hili ni la kila Jumamosi kabla ya mazoezi, kwa sababu mchanga huleta juu leo kilichokuwa chini wiki iliyopita.

Mistari hatukuichora. Chokaa ya ujenzi ikipeperuka ikaingia machoni inaunguza, na mchangani vumbi halikosi. Koni bapa kila mita 5 zinatosha.

Magoli yalichukua siku nyingi kuliko yote, na kosa la kwanza tulilifanya hapo. Kipimo ni mita 5 upana na mita 2 kimo, kwa wachezaji saba kila upande. Bomba la chuma la inchi 2, lile la maji lenye zinki, linauzwa mita 6. Bomba moja linatoa mwamba wa juu wa mita 5. La pili linatoa milingoti miwili ya mita 2.6 kila mmoja, mita 2 juu ya ardhi na sentimita 60 chini. Kwa hiyo goli moja ni mabomba mawili, magoli mawili ni mabomba manne.

Goli la kwanza tulisimika milingoti, tukamwaga zege, ndipo tukaleta mwamba uchomelewe. Haukukaa. Ukuta wa shimo la mchanga uliporomoka wakati wa kumwaga, mlingoti ukasogea ndani sentimita 6 bila mtu kuona. La pili tulilifanya inavyotakiwa: fremu yote ilichomelewa chini, ikapimwa ulalo kutoka kona ya juu hadi usawa wa ardhi wa mlingoti wa pili, pande zote mbili sentimita 539, ndipo watu sita wakaibeba na kuishusha kwenye mashimo. Mchanga ulimwagiwa maji kwanza ushikane, na kila shimo, sentimita 40 kwa 40 na kina 60, likazungushiwa mbao. Chini ya kila mlingoti kuna tofali bomba lisididimie. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mashimo manne yamekula karibu mifuko mitatu. Mchanga wa uwanjani hautumiki, una uchafu. Fremu ilishikiliwa na mirunda siku tatu, zege likafunikwa kwa viroba na kumwagiwa maji siku saba.

Kuna waliouliza kwa nini tusinunue magoli mepesi ya kuhamisha. Sababu ni kwamba mtoto yeyote duniani akiona mwamba atauning'inia, na goli lisilofungwa chini linapinduka mbele. Watoto wamekufa hivyo katika nchi nyingi. Lililozama kwenye zege halipinduki, na si rahisi kuibwa likauzwe kwenye chuma chakavu.

Sehemu zilizochomelewa zimepoteza zinki, na upepo wa bahari una chumvi: kutu huanzia hapo. Zimepigwa msasa, rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kisha nyeupe. Nyavu ni kuukuu za uvuvi kutoka soko la samaki la Feri, zimefungwa kwa kamba, bila ndoano wala misumari, kwa sababu vidole vya kipa hunasa.

Wiki ya 4: mipira

Mipira 16: kumi namba 4 kwa walio chini ya miaka 12, sita namba 5 kwa wakubwa. Mpira namba 5 una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukimpa mtoto wa miaka 9 anajifunza kuupiga kwa ncha ya vidole kwa sababu ni mzito, na tabia hiyo inachukua miaka kumtoka.

Mchanga unakula nyuzi. Wiki ya nne mipira mitatu imeshapoteza upepo. Tumeandika hatua za kuukarabati, maana mpira mpya si jibu la kila mwiba:

Fungua mshono wa kipande kimoja upande wa pili wa valvu, sentimita 8 tu. Usikate ngozi, kata uzi. Vuta blada nje taratibu, ijaze upepo kidogo, izamishe kwenye beseni na uikamue pole pole mpaka uone povu. Weka alama kwa kalamu. Ikaushe, ikwangue kwa msasa laini eneo la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, paka solusheni ya viraka vya baiskeli kwenye blada na kwenye kiraka, subiri dakika tano mpaka gundi ikigusa kidole isivutike, ndipo ubandike na ukandamize. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kinateleza, wanasema blada ni mbovu. Kabla ya kuirudisha, pitisha mkono ndani ya ganda lote: mwiba uliotoboa mara nyingi bado uko pale, na usipoutoa utatoboa tena jioni hiyo hiyo. Kushona ni sindano mbili na uzi wa nailoni uliopakwa nta, zikipishana kwenye tundu lile lile. Fundi viatu anafanya dakika kumi. Sasa vijana wawili wa kundi la 14–15 wanajifunza kwake.

Valvu huharibika kwa sindano kavu. Ichovye kwenye gilisirini kwanza, ile ya duka la dawa. Mafuta ya kupikia yanaozesha mpira.

Upepo: kanuni inaruhusu presha ya 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha angahewa. Mchangani tunabaki karibu na 0.6, kwani watoto wengi wanacheza peku na mpira mgumu unaumiza.

Wiki ya 5 na 6: ratiba, miguu, maji

Jumanne na Alhamisi saa 10 hadi 11:30 jioni, Jumamosi saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Ratiba ya kwanza ilikuwa Jumatatu na Jumatano, ikagongana na madrasa. Ustadhi hakulalamika, watoto ndio walianza kutoroka chuoni. Tulimfuata, tukapiga hodi kwa heshima, tukahamisha siku. Ingekuwa kinyume tungepoteza watoto 20 na imani ya mtaa mzima.

Kupasha mwili joto tunatumia mpango wa FIFA wa 11+ kwa wenye miaka 14 na kuendelea: dakika 20, mazoezi 15 katika sehemu tatu, kukimbia taratibu dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, kukimbia kwa kasi dakika 2. Wadogo wana toleo lao la watoto, lenye mazoezi saba. Unafaa kwa mtaani kwa sababu hauhitaji kifaa zaidi ya koni na mpira. Unakwama pale kocha anaporuka sehemu ya kusimama kwa mguu mmoja kwa kuwa watoto wanacheka. Vifundo vya miguu vinaponea hapo hapo.

Kanuni ya miguu: siku ya peku, wote peku, siku ya raba, wote raba. Njumu za chuma hapana kabisa. Tatizo la mchangani ni mchanganyiko, mmoja na njumu na mwingine kidole kiko wazi. Kuna watoto wanaogawana jozi moja, kila mmoja kiatu kimoja kwenye mguu wa nguvu. Inaonekana ni mapenzi ya mpira, na ni mapenzi kweli, lakini mguu wenye kiatu ukiwa juu kuliko mwingine kwa saa nzima, nyonga na goti hulipa.

Maji: nusu lita kwa mtoto kwa mazoezi. Wakija 40 ni dumu moja la lita 20, lililotiwa dawa ya maji au kuchemshwa. Kila mtoto na kikombe chake chenye jina. Kikombe kimoja cha wote ndicho njia ya kipindupindu.

Wiki ya 7 hadi 10: Ramadhani

Watoto wengi wanafunga, hata wa miaka 10. Mazoezi yanaanza saa 11 na kuisha kabla ya saa 11:45, ili kila mtoto afike nyumbani kabla ya futari. Hakuna mbio. Pasi fupi, kupokea mpira, kujipanga uwanjani kwa kutembea. Wasiofunga wanakunywa maji yao pembeni bila kuonyesheana. Wiki hizi ndizo tulizotumia kufundisha sheria: vijana 9 wamejifunza ishara za refa, kuotea, na kuandika ripoti ya mechi. Si kila mtoto wa hapa atakuwa mchezaji. Ligi Kuu ina timu 16. Ukikadiria wachezaji 25 hadi 30 kwa timu unapata nafasi 400 hadi 480 kwa nchi nzima, na wageni wamo humo humo. Hesabu hiyo tumeiweka ubaoni mbele ya wazazi bila kuizungusha. Tukaandika chini yake kazi nyingine za mpira: refa, kamisaa, mtaalamu wa viungo, mtunza uwanja, fundi jezi, mpiga picha. Na zote zinataka mtu aliyemaliza shule.

Wiki ya 11 hadi 13: masika, taka na pointi

Mvua zimeanza. Mtaro wa pembeni ulifurika siku ya pili, ukamwaga chupa na mifuko katikati ya uwanja. Sababu iko wazi: taka za nyumba zinazouzunguka zinaishia humo.

Nairobi kuna mfano wa siku nyingi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliingiza usafi wa mtaa kwenye msimamo wa ligi: timu ikisafisha inapata pointi, kama inavyopata kwa kushinda. Tumeiga. Timu sita za ndani, ushindi pointi 3, sare 1, usafi wa wiki pointi 3.

Wiki ya kwanza ilishindikana, na inafaa kueleza kwa nini. Timu zilifagia, zikapiga picha, zikapata pointi, na taka zikasukumwa mtaroni mita 50 mbele. Tulikuwa tunalipa pointi kwa kufagia, si kwa taka kuondoka. Sasa pointi inatolewa viroba vikishapakiwa kwenye mkokoteni wa mzoa taka, na yeye ndiye anayesaini karatasi. Watoto hawaingii mtaroni. Humo wanaingia vijana wa mtaa na watu wazima wenye mabuti na makoleo. Watoto kazi yao ni nyumba hadi nyumba: kuomba kila kaya iwe na kiroba chake. Mtoto aliyevaa jezi akibisha hodi, akasema "Shikamoo mama, tunaomba msitupe mtaroni, uwanja wetu unajaa," anasikilizwa kuliko tangazo la kipaza sauti. Mvua kubwa ya wiki ya 13 maji yalipita. Uwanja ulikauka kesho yake mchana.

Wiki ya 12: wasichana

Kati ya 19 walioandikishwa walikuwa wanakuja 8. Maelezo ya haraka ni "wazazi hawataki". Mlezi wa kike wa timu alipita nyumba zote 11 zilizobaki, na sababu zilikuwa nyingine. Nyumba moja, bibi anayelea wajukuu watatu alijibu salamu yake kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, huyu nikimwachia saa kumi, maji atachota nani?" Bomba la eneo lile linatoka saa 10 jioni, na foleni yake ni saa nzima. Pamoja na yake, nyumba nne zilikuwa na jibu hilo hilo. Nyumba tano zilitaja choo: uwanjani hakuna, mvulana anajisaidia ukutani, msichana anabana mpaka kwao. Mbili zilitaja kaptula.

Kilichobadilishwa: siku za wasichana ni Ijumaa saa 11 jioni na Jumamosi asubuhi. Nyumba ya jirani imekubali choo chake kitumike, tunaipelekea madumu mawili ya maji kwa wiki. Taulo za kike zimo ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, zinachukuliwa bila kuomba. Taiti ndefu chini ya kaptula na mtandio wa kubana kichwani ni ruksa. Kanuni za mpira duniani ziliruhusu kufunika kichwa tangu 2014, kwa hiyo hakuna refa wa kumtoa mtoto kwa hilo. Kwa wazazi tuliwakumbusha Serengeti Girls, walioenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India mwaka 2022 na kufika robo fainali. Sasa wanakuja 17.

Mechi za mchanganyiko zilikuwa na kanuni ya bao la msichana kuhesabiwa mawili. Tumeifuta. Wavulana walimsimamisha msichana mmoja mbele ya goli angoje, akagusa mpira mara mbili kipindi kizima. Kanuni mpya: kati ya saba, watatu ni wasichana, na unahodha ni wa msichana kipindi cha pili.

Wiki ya 14: mchezo wa vipindi vitatu

Njia hii ilianzia Medellín, Kolombia, baada ya beki Andrés Escobar kuuawa mwaka 1994. Kipindi cha kwanza ni kikao: timu mbili zinakaa duara dakika 10 na kukubaliana kanuni. Cha pili ni mpira, dakika 12 mara mbili, bila refa, kuna mpatanishi pembeni tu. Cha tatu ni kikao tena, kila timu inaipa nyenzake pointi za heshima, sifuri hadi 3.

Ilivyoharibika: watoto wanataka kwenda kunywa maji, kwa hiyo wanapeana 3 kwa 3 wakaondoka. Dawa yake ni ndogo. Kila pointi inatolewa kwa tukio lililotokea: "tunawapa moja kwa sababu kipa wenu alisema mpira umetoka, na sisi hatukuona." Bila tukio, hakuna pointi. Kuanzia hapo ubishi umehamia kwenye kikao, na ndiko tulikotaka uwe. Vijana wa mitaa miwili ambao kila mechi yao iliisha kwa mawe sasa wamecheza mechi tatu zikaisha.

Wiki ya 15: dalali

Mtu amefika uwanjani akiwa na jezi ya mafunzo ya klabu ya nje na simu yenye picha. Amemtaka winga mmoja wa miaka 14, kushoto, mwepesi kweli. Kamwendea mama yake moja kwa moja: majaribio Ulaya, pasipoti na "gharama za awali" alipe mama, nafasi inaisha Ijumaa.

Hatukumfukuza. Mlezi alikaa na mama na mtoto, akawapa maswali manne ya kumuuliza. Barua ya mwaliko ya klabu iko wapi, na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, wanaijua? Leseni yake ya uwakala wa FIFA ni ipi, tuitafute kwenye orodha yao? Kwa nini tunalipa sisi na si klabu inayomtaka? Na la nne, zito kuliko yote: kanuni ya 19 ya uhamisho ya FIFA inakataza mchezaji chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira; yeye anapita kwenye sababu ipi? Hakujibu hata moja. Ijumaa ilipita.

Taarifa imepelekwa serikali ya mtaa, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto imeandikwa kwa rangi kwenye mlingoti wa goli, kimo cha macho ya mtoto. Winga alilia siku mbili. Hilo nalo tunaliandika, kwa sababu kumnusuru mtoto na tapeli kunamuuma kama kunyang'anywa kitu chake. Hakuachwa peke yake: aliitwa kuchambua mechi na kocha, akapewa mpango wa mguu wa kulia, pasi 100 ukutani kila siku, na ahadi ya kupelekwa akaone mazoezi ya vijana wa Azam huko Chamazi, ambako anaweza kwenda kwa daladala.

Wiki ya 16 hadi 18: vyeti na usajili

Watoto 23 hawana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti mtoto hawezi kuthibitisha umri, na asiyethibitisha umri ni chakula cha wanaochakachua. Kwenye mashindano ya chini ya 17, FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa MRI tangu 2009. Mfupa uliofunga kabisa unamtoa mchezaji. Kudanganya umri kunampa kijana ushindi wa mwaka mmoja na kumnyang'anya nafasi ya kukua na wenzake.

Kwa kila mtoto tunakusanya kadi ya kliniki au tangazo la kizazi, barua ya shule na barua ya serikali ya mtaa, ndipo maombi yanakwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Kinachokwamisha zaidi ni jina: shuleni anaitwa kwa jina la babu, kliniki kwa la baba. Rekebisha kwanza, omba baadaye. Mpaka leo vyeti 20 vimetoka.

Usajili wa timu tumeupitisha chama cha soka cha wilaya. Wazazi waliuliza faida yake, nayo iko hivi. Mchezaji anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Akiuzwa kwa yuro milioni 1, klabu iliyomlea misimu minne ya mwanzo inastahili yuro 10,000. Kwa uwanja wetu hiyo ni mipira, maji na vyeti vya miaka mingi. Lakini inalipwa kwa klabu iliyosajiliwa, yenye mchezaji aliyesajiliwa kwake. Kikundi cha mtaani kisicho na karatasi kinaweza kumlea kijana tangu utotoni na jina lake lisionekane popote.

Na tumeeleza upande wa pili: mkataba wa kulipwa wa aliye chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu. Mzazi akiletewa wa miaka mitano, asisaini.

Wiki ya 20: majeruhi

Vifundo viwili vya mguu, kidole kimoja. Barafu ya mfuko inauzwa nyumba ya tatu. Ifungwe kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu juu. Nyumbani wanakanda kwa maji ya moto na kuchua kwa dawa ya kupaka usiku ule ule, na asubuhi mguu umevimba maradufu. Saa 48 za kwanza hakuna moto, hakuna kuchua. Asiyeweza kukanyaga hatua nne anakwenda kupigwa picha. Aliyegongwa kichwa anatoka, harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa.

Wiki ya 22: mwezi wa sita

Jua sasa linazama kama saa 12 na robo, kwa hiyo mazoezi yanaisha saa 11:20, na wadogo wanasindikizwa kwa makundi ya mitaa yao. Watoto watano wamechaguliwa timu za shule zao kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, wawili kati yao wasichana. Winga hakuchaguliwa. Amekuja Jumanne kama kawaida, ameshika filimbi mechi ya wadogo, na mguu wa kulia sasa unatoa krosi.

Darasa la saba wana mtihani Septemba. Kuanzia Julai wao watakuja Jumamosi tu, na nafasi zao kwenye timu hazichukuliwi.

Yaliyobaki: vyeti vitatu, mipira miwili ya kushona, rangi ya mlingoti wa kusini. Daftari limenakiliwa mara tatu. Moja liko ofisi ya serikali ya mtaa, moja kwa kocha, na la tatu nyumbani kwa mlezi wa wasichana, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, juu ya kabati, kwa sababu maji ya masika huku huingia kwa chini.